Mzizi Mtamu kwa Tumbo Tupu

Leo asubuhi nimechuchumaa kufunga kamba za viatu, kisha nikasimama. Sikushika ukuta, sikumwita mtu, sikutanguliza mkono chini. Nilisimama tu, kama watu wote wanavyosimama. Mume wangu Masanja alikuwa mlangoni anakunywa chai, akaniona narudia, nachuchumaa nasimama, nachuchumaa nasimama, akauliza kuna kitu gani pale chini. Nilicheka tu.

Naitwa Kabula. Nimezaliwa Misungwi, naishi Mabatini, siku za kazi nauza vitambaa kwenye duka la familia moja ya Kihindi katikati ya mji, na mwisho wa wiki mimi ni mwamuzi wa mpira wa miguu. Ninaandika haya kwa ajili yako wewe mwenye kikohozi kisichokwisha, ambaye una kikombe cha dawa ya mitishamba mkononi na hakuna aliyekuuliza umekula nini kabla ya kukinywa. Na mimi sikuulizwa kwa muda mrefu. Siku nilipoulizwa, maisha yangu yalirudi, na mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Kikohozi kilianza mwishoni mwa kiangazi, wakati vumbi la viwanja vyetu linakaa mpaka kwenye meno. Nilishikwa na mafua makali, nikalala na homa, mafua yakaondoka, kikohozi kikabaki. Kilikuwa kikavu, cha kukwaruza. Nilikuwa napuliza filimbi, pumzi inakatika katikati, halafu nasimama nimeinama nakohoa huku wachezaji wananisubiri. Siku moja shabiki alipaza sauti kwamba refa aletewe chai ya tangawizi, uwanja mzima ukacheka. Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani sikuwa na hamu ya kucheka tena.

Nilikwenda kupima makohozi. Wanaojua benchi la watu wanaosubiri majibu ya kifua kikuu watanielewa. Tulikaa tumebanana, lakini kila mmoja akikohoa wenzake walisogea kidogo, na aliyesogewa alijua, akajifanya hajaona. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja wa Igogo aliyefunika mdomo kwa ncha ya kanga. Alinitazama, akanipa nusu ya ndizi yake. Majibu yalipotoka sikuwa na kifua kikuu, na picha ya kifua ilikuwa safi. Daktari wa pale alisema mafua na vumbi vimechokoza njia za hewa, zitatulia polepole, zisipotulia nirudi.

Shida ni kwamba sikuwa na muda wa polepole. Mwalimu Bundala, mkufunzi wetu wa waamuzi, alikuwa ameniita pembeni baada ya mechi na kuniambia jina langu limependekezwa kwenda kwenye jaribio la utimamu wa mwili, mwishoni mwa masika. Ukifaulu, unachezesha ligi ya juu. Upande wetu wanawake waliofika huko ni wa kuhesabu. Nilitoka pale natembea kama mtu aliyevaa viatu vipya, huku nakohoa.

Ndipo Mama Hansa aliponisikia. Huyu ndiye mama mwenye duka, mzaliwa wa Mwanza, na Kiswahili chake kimechanganyika na Kisukuma kuliko changu. Alinisikia nakohoa nyuma ya majora ya vitambaa, akaondoka kwenda nyumbani kwake juu ya duka, akarudi na kichupa cha asali iliyochanganywa na tangawizi, pilipili manga na unga wa mzizi fulani wa rangi ya njano. Kwao wanauita jethimadhi. Ukiutafuna unaona utamu mkali kuliko sukari, utamu unaobaki nyuma ya ulimi. Mimi niliuita mzizi mtamu na jina hilo likashika. Kwenye pakiti za madukani nimekuja kuona umeandikwa likorisi. Mama Hansa aliniambia nichukue kijiko cha chai, nikishakula, na kikohozi kikitulia niache. Alisema hivyo mara moja, wateja wakaingia, tukaendelea kupima vitambaa.

Jamani, ile dawa ilifanya kazi. Koo lililokuwa kama limepigwa msasa likawa limepakwa mafuta. Wiki hiyohiyo nilichezesha mechi nzima na nikakohoa kidogo tu. Nilimkumbatia Mama Hansa mbele ya wateja. Kichupa kilipoisha nikanunua mizizi yenyewe kwa wauza viungo, nikajaza kabati.

Mama yangu alikuja kutoka Misungwi vuli ilipotulia, alipomaliza kupanda mahindi. Alisikia kikohozi changu kwenye simu, akafunga mzigo. Alipofika alilichukua jiko langu kama vile mimi ndiye mgeni. Asali ilikuwa imeisha, kwa hiyo akawa anachemsha mizizi kwenye sufuria kubwa mpaka maji yanakuwa ya kahawia, anajaza chupa ya chai. Nilikunywa kikombe asubuhi kabla ya mazoezi, kingine nikirudi, kingine jioni, na katikati nilipita jikoni nikajimiminia kwa sababu ni kitamu na hakitaki sukari. Asubuhi nilikunywa tumbo likiwa tupu kabisa. Nikila kabla ya kukimbia natapika, ndivyo nilivyo tangu shule.

Halafu ikaja Kwaresima. Sisi nyumbani ni Wakatoliki, tunafunga, tunakula mlo mmoja wa kushiba. Na mimi nilikuwa na sababu yangu nyingine: nilitaka mwili uwe mwepesi kwa ajili ya jaribio. Nikaacha ndizi, nikaacha maharage, nikawa nachukua tonge mbili za ugali na kusukuma sahani. Mama alikuwa ananibembeleza nile. Nilikuwa namwambia nimeshiba, anipe dawa yangu tu. Na yeye, akiona angalau kuna kitu naingiza tumboni, akawa anachemsha mizizi mingi zaidi.

Mwili ulianza kubadilika kidogokidogo. Kwanza soksi. Nikizivua zinaacha mfereji kuzunguka mguu, na nikibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Kisha uso, asubuhi nakuta macho yamevimba kama niliyelia. Pete ya ndoa ikagoma kutoka. Kichwa kikawa kinagonga upande mmoja. Misuli ya vigimbi vya miguu ikawa inakaza yenyewe mpaka nauma kanga. Kule dukani ghala letu liko juu, na ngazi nilizokuwa nazipanda na jora begani nikawa nazipanda kwa kushika kitasa cha mlango, kisha ukuta, kisha goti langu mwenyewe. Nilijiambia ni mazoezi.

Masanja yeye aliona kitu kingine. Ni fundi seremala, mtu wa maneno machache, na tulikuwa tumeoana muda bila kupata mtoto. Alipoona uso umejaa na miguu imejaa, alianza kuniletea matunda nisiyoyaomba na kunizuia nisiinue ndoo. Nyumba nzima ilijua anachokisubiri. Nilipima. Haikuwa mimba. Nilipomwambia aliendelea kupiga randa ubao wake kwa muda, halafu akasema bila kuniangalia, "Basi acha huo mpira, Kabula. Unakumaliza." Nilimjibu vibaya. Siku kadhaa tuliongea kupitia kwa mama.

Mvua za kwanza za masika zilikuta tunacheza Igogo, kwenye uwanja ulio karibu na ziwa, upepo unatoka majini na nyasi zinateleza. Nilikuwa nimempa kadi ya njano nahodha wa timu moja, jitu refu lenye hasira, na alikuwa bado ananung'unika. Mpira ukapigwa mrefu, shambulizi la kushtukiza, nikageuka kuufuata. Miguu haikuja. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Kichwa kilikimbia, miguu ikabaki. Nilianguka kifudifudi. Nikajaribu kuinuka, mapaja yakakataa, si kwa maumivu, yalikataa tu, kama ya mtu mwingine. Nilikaa kwenye matope katikati ya uwanja na filimbi mdomoni.

Aliyefika wa kwanza ni yule nahodha. Alinitazama, akapiga magoti, akasema, "Refa, shika shingo yangu." Akanibeba mgongoni mpaka nje ya uwanja. Kadi yake sikuifuta, na hakuniomba.

Waamuzi wenzangu wakanipeleka hospitali kubwa, tukakaa kwenye benchi la mapokezi, mvua inapiga mabati mpaka muuguzi anaita majina kwa kupiga makofi kwanza. Masanja alikuja na nguo zake za karakana, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alinishika mkono na hakuuachia hata nilipoitwa kupima. Presha ilikuwa juu mpaka muuguzi akapima tena kwenye mkono wa pili. Wakachukua damu. Wakanibandika nyaya kifuani. Baadaye daktari wa zamu ya wodi, dada mmoja mfupi anayetembea harakaharaka, Daktari Furaha, alikuja kukaa kando ya kitanda changu. Alisema madini ya potasiamu kwenye damu yangu yameshuka sana, ndiyo maana misuli imelegea, na moyo nao ni msuli, kwa hiyo hawaniruhusu kuondoka. Kwa nini yameshuka na presha imepanda, alikuwa bado hajui. Wangeangalia figo.

Neno figo liliingia kwa mama kama kisu. Baba yangu alikufa kwa figo. Siku ya kusubiri kipimo cha tumbo tulikaa kwenye korido pamoja, mimi kwenye kiti cha magurudumu, yeye kwenye sakafu karibu na miguu yangu. Mama mmoja wa Ukerewe aliyekuwa anasubiri mgonjwa wake aliona nasikia baridi, akavua kitenge chake cha juu akanifunika mapaja, akaendelea na mambo yake. Figo zikaonekana nzima. Mama alitoka pale akaenda kuosha uso bombani, akarudi ananiuliza kama nina njaa.

Basi wakanitundikia dripu. Na hapa ndipo mambo yaliposhangaza. Potasiamu ilipanda. Siku mbili hivi nikaweza kuinua goti kitandani, nikampigia simu Mwalimu Bundala kumwambia asifute jina langu. Kisha ikashuka tena. Wakaongeza dawa, ikapanda kidogo, ikashuka. Daktari Furaha alisimama mbele ya kitanda changu anaangalia majibu, mdomo ameukunja, akasema ni kama ananijazia ndoo iliyotoboka na haoni tundu liko wapi.

Alilipata asubuhi moja alipopita wodini kabla ya wenzake. Uji ulikuwa bado haujaletwa. Mama alikuwa amekaa kando yangu anamimina kutoka kwenye chupa ya chai, na mimi nimenyoosha mkono.

"Mama, shikamoo. Hiyo ni chai?"

"Marahaba, daktari. Si chai. Ni dawa yake ya kikohozi. Ya mizizi tu, haina kemikali."

Daktari Furaha aliomba kikombe. Akanusa, akachovya kidole, akalamba. Akauliza nakunywa mara ngapi. Mama akasema ya asubuhi hii kabla sijala, na ile ya jioni, na nikitaka katikati. Akauliza tangu lini. Mama akasema tangu vuli. Daktari akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo hawafanyi, na akaniuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza.

"Kabula, tangu vuli, unakunywa hii na unakula nini?"

Nikaanza kumwambia. Tonge mbili. Maji. Kwaresima. Tumbo tupu kwa sababu ya kukimbia. Kadiri nilivyosema ndivyo uso wake ulivyobadilika, na si kwa hasira. Ulichangamka. Mtu ambaye amekuwa anatafuta ufunguo na ameuona juu ya meza ana uso ule. Alichukua kikombe mkononi mwangu, akamwambia mama taratibu kwamba hataki hata tone moja zaidi liingie kinywani mwangu, na akaomba aletewe mzizi wenyewe auone.

Masanja alimpigia simu Mama Hansa kwa sababu hakujua mzizi ule unaitwaje. Mama Hansa hakuagiza mtu. Alikuja mwenyewe, na sari yake imelowa mvua mpaka magotini, na mfuko wa mizizi mkononi. Mama yangu alipomwona aligeukia dirishani. Tangu daktari aseme aliyoyasema, mama alikuwa ameshaamua nani nusura aniue, na mimi nilikuwa nimelala pale nawaza kazi yangu, nawaza mama yangu, natamani shuka linimeze.

Daktari Furaha alivunja kipande cha mzizi, akathibitisha. Alitueleza kwa maneno ya kawaida. Mzizi huu ni dawa kweli, unatuliza koo, watu wameutumia miaka na miaka. Lakini ukinywa mwingi kwa muda mrefu unaufanya mwili ushike chumvi na maji na kumwaga potasiamu, presha inapanda, misuli inalegea. Chakula nacho kina sehemu yake. Dawa ya mitishamba ikikuta chakula tumboni inapokelewa kwa namna nyingine kuliko ikikuta tumbo tupu. Kuna mitishamba ambayo chakula huipunguzia kasi, na kuna mingine ambayo chakula chenye mafuta huisukuma iingie zaidi. Kwangu mimi hakuweza kusema tumbo tupu lilichangia kiasi gani na wingi ulichangia kiasi gani. Alichokuwa na uhakika nacho ni hiki: nilikuwa nanywa kitu kinachomwaga madini, na papo hapo nimeacha ndizi, maharage na mboga zinazoyarudisha. Nilitoboa ndoo na kufunga bomba.

Mama Hansa aliketi kwenye stuli, maji yanadondoka kwenye pindo lake, akasema, "Mimi ndiye niliyempa, dada. Nilimwambia kijiko, akishakula, aache akipata nafuu. Lakini nilimwambia mara moja tu. Nilimwona anavimba dukani kwangu kila siku, na sikumuuliza."

Mama aligeuka kutoka dirishani. "Na mimi ndiye niliyemchemshia," akasema. "Sikuuliza ni kiasi gani. Nilimwona hali, nikaongeza mizizi."

Akasogea akampisha akae vizuri, mbali na dirisha lililokuwa linavujisha mvua. Hawakukumbatiana wala nini. Lakini kuanzia jioni ile walinivamia kwa chakula. Mama Hansa alituma kichiri cha dengu na mchele kilichopikwa laini, mama akaja na ndizi za kupika na maharage ya nazi, Mama Hansa akatuma mtindi, mama akajibu kwa mchicha na sato. Kila mmoja alikuwa anafunua sufuria ya mwenzake na kuonja kwanza. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walinenepa kwa ajili yangu. Na Masanja, ambaye niliwahi kumjibu vibaya, alikuwa anakata ndizi mbivu vipande vidogo kwa kisu chake cha kazi na kunilisha huku anatazama pembeni, kana kwamba mikono ile si yake.

Kabla Daktari Furaha hajaondoka siku ile ya mzizi, alimwuliza mama kama na yeye huwa anakunywa. Mama akasema kidogo tu, yanayobaki, si vizuri kumwaga. Daktari akamvuta mkono akampima presha palepale. Ilikuwa juu. Miguu ya mama ilikuwa imevimba tangu alipofika mjini na sote tulisema ni uzee na lami. Alipoacha mzizi, presha ikaanza kushuka, viatu vyake vya kanisani vikamwingia. Nikilala nikifikiria mambo yote haya, hilo ndilo linalonifanya nikae kitako kitandani. Tungemzika mama kwa kikombe cha mabaki, na tungesema ni mapenzi ya Mungu.

Nisikudanganye kwamba niliamka mzima kesho yake. Utamu wa ule mzizi unakaa mwilini muda baada ya kuacha. Dawa ya potasiamu ilikuwa mbaya mdomoni, na hiyo niliambiwa niinywe nikishakula, la sivyo inachoma tumbo, basi nikawa najifunza kula kwanza, mimi niliyekuwa mkaidi wa tumbo tupu. Masika yote nilikwenda kliniki kupima damu na presha. Benchi la kliniki likawa la kwangu, nikajua nani anapenda kukaa wapi, nani anakuja na redio. Siku niliyopanda ngazi za ghala la duka bila kushika ukuta, Mama Hansa alifunga duka, akatuma soda. Siku pete ilipotoka kidoleni kwa urahisi niliivua na kuivaa mpaka Masanja akaniambia itapotea.

Na kikohozi, utaniuliza. Kikohozi nacho kilipata tiba yake. Nilirudi kama yule daktari wa kwanza alivyosema, wakanipima pumzi, wakakuta njia za hewa zinabana nikikutana na vumbi. Nikapewa dawa ya kuvuta. Ndani ya kiangazi kile nilichezesha mechi, vumbi limesimama hewani kama pazia, na nikapuliza filimbi mpaka pumzi ikaisha yenyewe. Bado natumia mitishamba, sitakudanganya. Tangawizi na asali viko jikoni. Lakini sasa kabla sijakunywa kitu nauliza: kiasi gani, kwa siku ngapi, kabla au baada ya kula, na kinapatana na dawa nyingine ninazotumia? Nauliza hospitali na nauliza aliyenipa. Nikienda kwa daktari naenda na chupa yenyewe. Kama una presha, moyo, figo, au una mimba, mzizi ule usiuguse kabla ya kuuliza. Na ukiona soksi zinaacha mfereji na ngazi zimekuwa mlima, usijiambie ni mazoezi.

Jaribio la mwaka ule lilinipita. Nilikuwa bado sijaruhusiwa kukimbia, Mwalimu Bundala alinipigia kusema wamemaliza, na nikamshukuru, na nikalia, mama akanishika kichwa. Masanja alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani atasema tena niache. Alisema, "Utalirudia mwakani. Nitakuwa nakuamsha mapema ule kitu, chakula kishuke kabla ya kukimbia."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka mzima tulijaribu kujua tumbo langu linataka nini na saa ngapi. Uji wa ulezi ulinitapisha. Viazi vitamu vilinilemea. Tukagundua ndizi mbivu na kipande cha mkate, nile kisha nisubiri mpaka Masanja amalize kunoa randa zake. Nilikimbia kando ya barabara ya ziwani, nikarudi, nikala tena. Nilinenepa kidogo na nikawa na kasi zaidi. Hilo liliniudhi na kunifurahisha kwa pamoja.

Siku ya jaribio, masika iliyofuata, mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na kutuachia uwanja mzito. Walikuja wote. Mama alifunga kitenge kipya, Mama Hansa alikuja na mwavuli mkubwa wa kuzuia jua ambalo halikuwepo, Masanja alisimama peke yake nyuma ya goli kwa sababu hawezi kutazama akiwa na watu. Mbio fupi nilimaliza vizuri. Mbio ndefu ndizo zinazoua. Unakimbia, unatembea, filimbi inalia, unakimbia, na ukichelewa kwenye mstari umeondoka. Wenzangu walianza kuondoka mmoja mmoja. Katika mizunguko ya mwisho mapaja yalianza kuwaka moto, na moyo ukanishtuka, nikadhani ni ile hali imerudi. Kisha nikatambua. Yale yalikuwa maumivu ya misuli inayofanya kazi. Miguu ile iliyokufa Igogo haikuwa inauma hata kidogo. Hii ilikuwa inauma kila hatua, na nilikuwa nakimbia nacheka kama mwendawazimu, mpaka msimamizi akaniuliza kama niko sawa.

Niliugusa mstari kwa mara ya mwisho kabla filimbi haijalia. Mwalimu Bundala alisoma majina ya waliofaulu kwa sauti yake ileile ya kusomea wachezaji wa akiba, na jina langu alilisoma kama jina lolote. Mama Hansa alipiga vigelegele vya Kisukuma vilivyomshinda hata mama. Masanja alitoka nyuma ya goli, akafika, akanipangusa matope usoni kwa kiganja chake kilichojaa sugu.

Mama yeye aliuliza kama nina njaa.

Tulikwenda wote kwenye banda la mama ntilie lililoko nje ya uwanja, tukakaa kwenye benchi moja, na nikaagiza ugali, sangara wa kuchemsha, maharage na mchicha. Nilikula mpaka mwisho, nikapangusa mchuzi kwa tonge la mwisho, kisha nikaomba sahani ya pili.